Bakteria, barafu na sekunde 50: Somo ambalo Garissa hulikariri bila kuliona

Ayeeyo wangu ana chupa ndogo ya kioo kwenye mlango wa friji, kando ya jagi la maziwa ya ngamia. Ni insulini. Hakuna mtoto wa nyumba ile anayethubutu kuigusa. Stima ikipotea usiku, wengine tunalilia feni na chaji ya simu. Yeye anauliza swali moja tu: "Dawa yangu iko sawa?"

Jioni moja aliniita. "Ayeeyo, njoo." Kwetu Wasomali, nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile ambalo mjukuu humwita yeye, kwa hivyo usichanganyikiwe, aliyeitwa ni mimi. Akanishikisha ile chupa. "Wewe umesoma. Niambie, hii dawa inatolewa kwa mnyama gani?" Kumbe kuna mama mmoja pale Soko Mugdi alikuwa amemwambia inatoka kwa nguruwe. Tangu siku hiyo, kila akijidunga sindano, moyo wake hautulii.

Nikanyamaza. Na hapo ndipo aibu iliponiingia, kwa sababu jibu la swali hilo niliwahi kuliandika. Kidato cha nne, somo la Bayolojia, mada ya jenetiki: eleza maana ya uhandisi jeni, toa mfano mmoja. Nilijibu kwa Kiingereza safi, koma na nukta mahali pake, na mfano wangu ulikuwa insulini. Nikapewa tiki. Lakini mbele ya nyanya yangu, na chupa yenyewe mkononi, sikuwa na neno. Nilikuwa nimekariri kitu nisichokijua.

Kwa hivyo nilienda kukitafuta. Mimi si mwanasayansi, chuo nilikiacha njiani. Ila hiyo ndiyo raha yenyewe: kama mimi nimeelewa, hata wewe utaelewa kabla chai yako haijapoa.

Mama wa sokoni hakudanganya

Tuanze na nguruwe, kwa sababu hilo ndilo lililomkosesha Ayeeyo usingizi.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuufungulia mlango sukari ya damu iingie kwenye seli itumike kama nguvu. Kongosho ikigoma, sukari inajaa kwenye damu na mtu anaumwa kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, watafiti wa Toronto, Canada, walifaulu kuitoa homoni hiyo kwenye kongosho za wanyama na kuwadunga wagonjwa. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa anasubiri kifo tu.

Kwa miaka 60 hivi iliyofuata, insulini ya dunia nzima ilitoka kichinjioni, kwa ng'ombe na kwa nguruwe. Na haikuwa kazi ndogo. Ilihitaji zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe kupata gramu 230 hivi za insulini safi. Piga hesabu ya malori.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1978, watafiti wa kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope kule California walifanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa hiyo itumike, ikauzwa na kampuni ya Eli Lilly kwa jina Humulin. Ilikuwa dawa ya kwanza ya aina hiyo kuingia sokoni. Leo insulini nyingi mno duniani hutengenezwa na bakteria, au na hamira, binamu ya ile tunayotia kwenye mandazi.

Basi yule mama wa Mugdi hakuwa mwongo. Alikuwa amechelewa miaka 40 tu.

Nilirudi kwa Ayeeyo mbio kumpa habari njema. Nikamsomea pakiti: imeandikwa ni insulini ya binadamu. Macho yakamtoka. "Ya binadamu? Wamemchinja nani?"

Hapo nikajua kazi bado. Ilibidi nimweleze jinsi maagizo ya mwili wa binadamu yanavyoingizwa ndani ya mdudu asiyeonekana kwa macho. Na hilo, wasee, ni jambo ambalo wanafunzi wa sekondari katika nchi nyingine hulifanya kwa mikono yao darasani, kwa vipindi viwili tu.

Bakteria mwenye laini mbili

Fikiria simu ya laini mbili. Laini ya kwanza ndiyo namba yako ya siku zote. Ya pili unaweza kuiweka, kuitoa, hata kumpa rafiki. Simu ni ile ile, ila ukiweka laini mpya inaanza kupokea mambo ambayo haikuwa inapokea.

Bakteria yuko hivyo. Ana DNA yake kuu, duara kubwa lenye maagizo yote ya maisha yake. Lakini pia anaweza kubeba viduara vidogo vya DNA vinavyoitwa plasmidi. Hiyo ndiyo laini ya pili. Ukichukua jeni ya kiumbe kingine, yaani kipande cha maagizo, ukakipachika kwenye plasmidi, halafu ukamshawishi bakteria aimeze, ataanza kusoma maagizo hayo kana kwamba ni yake. Hajui tofauti. Lugha ya DNA ni moja kwa viumbe vyote, kutoka ngamia hadi uyoga. Ukimpa maagizo ya kutengeneza insulini, anatengeneza insulini.

Kwa hivyo hakuna binadamu aliyechinjwa, Ayeeyo. Kilichochukuliwa ni maagizo. Mwaka 1978 hata hayakukatwa kutoka kwa mtu, yaliungwa maabarani herufi kwa herufi kwa kemikali.

Kitendo hiki cha bakteria kumeza DNA ngeni hakikubuniwa na binadamu. Mwaka 1928, daktari Mwingereza Frederick Griffith aligundua kuwa bakteria wa nimonia wasio na madhara waligeuka kuwa wauaji baada ya kuchanganywa na mabaki ya wauaji waliokwisha kufa. Kuna kitu kilihama kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai. Mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake wawili New York wakathibitisha kuwa kitu hicho ni DNA. Mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California wakaunganisha vipande vya DNA wanavyotaka wao na kuviingiza ndani ya bakteria. Miaka mitano baadaye, insulini.

Ndani ya maabara: barafu, moto, barafu

Sasa twende darasani. Jaribio linalojulikana zaidi mashuleni linatumia plasmidi inayoitwa pGLO, inayouzwa na kampuni ya Bio-Rad ya Marekani. Ndani yake kuna jeni ya yavuyavu, yule mnyama wa baharini aliye laini kama jeli. Yavuyavu wa aina hii huishi bahari ya Pasifiki, na ana protini inayong'aa kijani. Protini hiyo ni mashuhuri kiasi kwamba watafiti watatu walioifanyia kazi, Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Bakteria anayetumiwa ni E. coli. Najua unachowaza. Huyu si yule wa kukukimbiza chooni. Ni ukoo wa maabarani uliofugwa kwa miongo mingi hadi ukawa mlegevu, haujui tena kuishi tumboni mwa mtu.

Shughuli yenyewe inakwenda hivi.

Unachukua vijaribio viwili vidogo vya plastiki, unavitia matone ya kalsiamu kloridi, ambayo ni chumvi tu. Unaviweka kwenye barafu. Katika kila kimoja unatia bakteria kidogo kutoka kwenye kisahani walikokuzwa. Kijaribio cha kwanza unakitia plasmidi. Cha pili hukitii kitu. Usikisahau hicho cha pili, kina kazi yake.

Unavirudisha kwenye barafu dakika 10. Hapa chumvi inafanya kazi ya mpatanishi. DNA ina chaji hasi, na ngozi ya bakteria pia ina chaji hasi, kwa hivyo zinasukumana. Kalsiamu ina chaji chanya. Inakaa katikati, inatuliza ugomvi, DNA inasogea karibu na ukuta.

Kisha inakuja ile sehemu ya kushika pumzi. Unavitoa kwenye barafu, unavitumbukiza mara moja kwenye maji ya nyuzi 42. Sekunde 50. Kisha barafuni tena, dakika 2.

Ule mshtuko wa kutoka baridi kali hadi joto ghafla ndio unaomfanya bakteria apitishe plasmidi. Ukichelewesha sekunde, unawaua. Ukiharakisha, hawaimezi. Maji yakiwa nyuzi 60, umepika supu. Baada ya hapo unawapa chakula, unawapumzisha dakika 10, halafu unawapaka kwenye visahani na kuwaweka kwenye joto la nyuzi 37 mpaka kesho yake.

Visahani vinne vinavyofundisha kufikiri

Kesho yake ndipo somo linapoiva. Kuna visahani vinne, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Katika plasmidi ile, kando ya jeni ya yavuyavu, kuna jeni nyingine inayomkinga bakteria dhidi ya ampisilini, antibiotiki ambayo ni ndugu wa zile kapsuli za amoksilini unazozijua. Kwa hivyo ukitia ampisilini kwenye kisahani, ni bakteria waliopata plasmidi tu watakaobaki hai. Hiyo ndiyo njia ya kuwachuja, kwa sababu kati ya mamilioni uliyoanza nao, walioimeza ni wachache mno.

Kisahani cha kwanza: bakteria wasio na plasmidi, bila ampisilini. Wamejaa kama nyasi baada ya mvua. Maana yake bakteria wako wazima, mshtuko haukuwamaliza.

Cha pili: bakteria wasio na plasmidi, pamoja na ampisilini. Kitupu. Maana yake dawa inafanya kazi.

Cha tatu: wenye plasmidi, pamoja na ampisilini. Kuna vidoa vyeupe hapa na pale. Hao ndio waliobadilika.

Cha nne ni kama cha tatu, ila kimeongezwa sukari moja inayoitwa arabinosi. Mchana utaona vidoa vyeupe vya kawaida. Zima taa, viangazie kwa mwanga wa urujuanimno, yaani ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani. Vinawaka kijani kama taa za msikiti wakati wa Ramadhani.

Mbona cha tatu hakiwaki na plasmidi ni ile ile? Kwa sababu arabinosi ndiyo swichi. Jeni ipo, lakini bila sukari hiyo imelala. Sentensi hiyo moja, kwamba kuwa na jeni si sawa na jeni kufanya kazi, inaeleza kwa nini seli za jicho lako na seli za ini lako zina DNA ile ile lakini zinafanya kazi tofauti. Mwalimu angeweza kuisema mara mia ukaisahau. Ukiiona iking'aa kijani gizani, huisahau.

Ndiyo maana nasema visahani vile vinafundisha kufikiri. Kile kisicho na plasmidi ndicho kinachokuzuia kujidanganya. Siku nyingine mtu akikutumia video ya WhatsApp ya dawa ya miujiza, utauliza: je, kuna waliokaa bila kuitumia, na wao ilikuwaje?

Joto tunalo, barafu ndiyo kesi

Sasa soma tena orodha ya mahitaji ukiwa umekaa Garissa. Joto la nyuzi 37 usiku na mchana? Mchana wetu huzidi nyuzi 35 bila kuombwa. Kule kwenye baridi, shule inahitaji mashine ya kuwatunzia bakteria joto. Hapa, boksi la kadibodi na balbu la kusaidia usiku linakaribia kutosha. Bakteria hawa wangejiona wako kwao.

Tatizo ni barafu. Jambo rahisi kuliko yote kwenye jaribio zima ndilo gumu kwetu. Barafu inataka friji, friji inataka stima isiyokatika, na bidhaa zenyewe za jaribio lazima zikae baridi tangu zinapotoka Nairobi, kilomita zaidi ya 350. Na hii ni kaunti yenye mtambo wa sola wa megawati 50 hivi uliozinduliwa Desemba 2019. Jua letu linasafirishwa kwa nyaya kwenda kuwasha kwingine, na bado kuna maabara ya shule inayoshindwa kugandisha jagi la maji.

Vita hivi vya baridi Ayeeyo anavijua kuliko mwalimu yeyote. Insulini isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa miaka mingi hilo lilimaanisha kwamba mgonjwa asiye na friji hawezi kuruhusiwa kwenda na dawa nyumbani. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, hapa hapa Garissa, wagonjwa wa kisukari walilazimika kwenda hospitali ya shirika la Médecins Sans Frontières kila siku kwa ajili ya sindano tu.

Shirika hilo likaungana na Chuo Kikuu cha Geneva kuuliza swali ambalo watengenezaji hawakuwa wamelijibu: joto la kweli la nyumba ya Dagahaley linaiharibu insulini kwa kiasi gani? Walipima. Ndani ya nyumba, joto lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakaliiga joto hilo maabarani kule Uswisi kwa wiki 4, wakaweka na insulini nyingine kwenye baridi ya kulinganisha. Unaona? Kisahani kisicho na plasmidi kimerudi. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: insulini iliyokaa kwenye joto la Dagahaley ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye friji kwa muda huo wa wiki 4, tofauti haikufika hata pale pa kutia wasiwasi.

Usinielewe vibaya. Hii si ruhusa ya kuacha dawa kwenye dashibodi ya gari, wala ya kubadilisha chochote bila kumuuliza daktari wako. Lakini nataka uone jambo hili: joto la Garissa, nyumba za Garissa na wagonjwa wa Garissa vilibadilisha kile ambacho madaktari wa dunia wanakijua kuhusu dawa iliyotengenezwa na bakteria. Swali lilitoka kwetu. Maabara ilikuwa Geneva.

Kwa nini tulikariri

Shule niliyosomea sitaitaja, kwa sababu shida haikuwa yake peke yake. Maabara tulikuwa nayo, na mabomba yake yalitoa hewa. Mtihani wa vitendo wa KCSE una alama 40, kwa hivyo tulifundishwa rangi za kuandika: ukitia iodini kwenye wanga sema bluu nyeusi. Mwaka mmoja niliandika rangi ambayo kemikali yangu haikuonyesha, kwa sababu nilijua ndiyo inayotakiwa. Nikapata alama. Hilo linaniuma kuliko kukosa.

Lakini tusijifanye hatujui chanzo kikubwa. Januari 13, 2020, washambuliaji walivamia Kamuthe, wakawaua walimu watatu. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hili, na nani atawalaumu kwa kutaka kuishi? Ila walioondoka wengi walikuwa ndio walimu wa Fizikia, Kemia na Bayolojia. Kuna wanafunzi walibaki na kitabu na saa ya ukutani.

Na ukitaja Garissa kwa mgeni, anakumbuka Aprili 2, 2015, na vijana waliouawa katika chuo kikuu chetu. Watu 148 walikufa siku ile. Tunawakumbuka na sisi. Lakini chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hiyo nayo ni habari ya Garissa.

Hofu hukua mahali pasipo na kisahani

Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO nchini. Oktoba 3, 2022, Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa ukame. Ukame upi? Wetu. Mifugo ilikuwa inakufa kuanzia Mandera hadi Garissa. Kesi zikaanza mahakamani, mitandao ikawaka moto.

Sikwambii uunge mkono mahindi ya GMO au uyapinge. Kuna maswali ya haki kabisa kuhusu bei ya mbegu, nani anazimiliki, na mkulima mdogo ataachwa wapi. Ninachosema ni kwamba katika ile miaka 10 ya marufuku, wagonjwa wa kisukari waliendelea kujidunga dawa iliyotengenezwa kwa uhandisi jeni kila asubuhi, na karibu hakuna aliyewaambia. Mtu aliyewahi kushika kisahani kinachong'aa atabishana kuhusu mambo yenyewe. Asiyewahi kukiona atabishana kuhusu picha ya nyanya yenye sindano. Mjadala ulikuwa juu ya njaa yetu, na sisi hatukuwa na maneno ya kuuingilia.

Kuna hofu nyingine ambayo ingetufaa zaidi na hatuna. Ile jeni ya kumkinga bakteria dhidi ya ampisilini haikutengenezwa kwa ajili ya darasa, ilitoka kwa bakteria wa porini. Huko nje wanapeana plasmidi hizo wenyewe kwa wenyewe, bila barafu, bila kipimajoto. Kila unaponunua kapsuli mbili za amoksilini kwa sababu ya mafua, ambayo hata hayatibiwi na antibiotiki, au mfugaji anapomdunga ngamia dawa kwa kukisia, mnaandaa kisahani kile cha tatu: walio dhaifu wanakufa, wenye laini ya pili wanabaki na kuzaana. Tofauti ni kwamba kisahani hiki ni tumbo lako.

Unaanzia wapi

Kwanza, jaribio la plasmidi usilifanye jikoni. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inataka kazi yoyote ya viumbe vilivyobadilishwa jeni, hata ya ndani ya maabara, ipate idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Vijidudu vyote lazima viuliwe kwa klorini au mvuke kabla ya kutupwa. Hilo si la kukukatisha tamaa. Linamaanisha njia ya shule ya sekondari inapitia kwa chuo kikuu chenye maabara na idhini. Chuo Kikuu cha Garissa kiko hapa hapa mjini. Mwalimu, chama cha sayansi, mbunge na hela zake za CDF: barua moja ya kuomba siku moja ya vitendo, hata ya kutazama tu, haimgharimu mtu kitu.

Pili, kuna kitu unachoweza kufanya wiki hii bila kibali cha mtu. Chukua ndizi moja iliyoiva, zile za mashamba ya kando ya Mto Tana. Iponde. Changanya maji nusu kikombe, chumvi kijiko cha chai, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja. Koroga na ndizi taratibu bila kutoa povu, subiri dakika 10, chuja kwa kitambaa safi. Mimina maji yaliyochujwa kwenye glasi nyembamba, halafu teremsha polepole ukutani mwa glasi spiriti ya hospitali iliyolala kwenye friji usiku kucha. Usiwe karibu na jiko, spiriti inashika moto. Subiri.

Katikati ya maji na spiriti utaona nyuzi nyeupe zikipanda kama ute. Hiyo ni DNA. Sabuni imevunja utando wa seli, chumvi imezishikanisha nyuzi, spiriti baridi imezifanya zijitokeze. Unaweza kuizungushia kijiti cha meno ukaiinua.

Mimi nilifanya sebuleni, Ayeeyo akiwa kwenye mkeka anatazama kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Nilimwonyesha nyuzi zile, nikamwambia maagizo yenyewe ndiyo haya, ya ndizi. Ya binadamu ya kutengeneza insulini yanafanana hivi hivi, na wanampa yule mdudu ayasome.

"Kwa hivyo si nguruwe."

"Si nguruwe, Ayeeyo."

"Na huyo mdudu, wanamlisha nini ndipo afanye kazi yote hiyo?"

Nikamwambia kweli: sukari.

Alicheka hadi akashika mbavu. "Subhanallah. Mimi naambiwa chai bila sukari, yeye ndiye anayekula yangu." Kisha akainuka, akafungua friji, akakiangalia kile kichupa kwa muda, akakirudisha mahali pake na kufunga mlango vizuri, maana stima ilikuwa imeanza kucheza.